Kishikwambi cha mtumba Mtwara na Lindi: mwongozo kamili, kuanzia kukikagua dukani hadi kuishi nacho

Vishikwambi vilivyotumika viko kila mahali siku hizi. Vingine vinaletwa na ndugu kutoka Dar, vingine vimepangwa kwenye maduka ya simu Mtwara mjini, Masasi, Lindi na Nachingwea, vingine anauza mwanachuo aliyemaliza masomo anayetafuta nauli ya kurudi kwao. Na tangu Sensa ya 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi, hata bibi wa Newala ambaye hajawahi kukishika anakijua.

Kwa mtu anayesoma, anayefundisha au anayeshika daftari la kikundi, ni kifaa kizuri sana. Maandishi yanasomeka bila kukunja macho, watoto wawili wanakaa na kitabu kimoja bila kugombania, na bei yake iko chini ya kompyuta. Ila kifaa cha mtumba kina umri wa aina mbili. Wa kwanza unauona: mikwaruzo, kona iliyobonyea, tundu la chaja lililolegea. Wa pili umejificha kwenye programu, na huo ndio unaoua vishikwambi vingi vikiwa bado vinang'aa. Wanunuzi wengi wa huku wanahangaika na umri wa kwanza. Mimi nakuomba uanze na wa pili.

Hatua ya kwanza: kipe kazi kabla hujakinunua

Usikinunue ili kiwe simu yako. Vishikwambi vingi vya mtumba ni vya wai-fai tu, havina tundu la laini. Vingine vina tundu la laini lakini havina sehemu ya kupiga namba, maana yake intaneti itapita ila *150*00# au *150*60# huwezi kuibonyeza, na huduma za pesa zinazotegemea menyu hizo hutazipata. Simu yako, hata kama ni ya batani, ibaki mfukoni.

Kazi zinazokifaa ni zile za kukaa na kutazama: kusoma vitabu vya shule, kuandaa maazimio ya kazi, kuandika hesabu za kikoba, kutazama masomo ya video, kuhifadhi picha za karatasi muhimu kama stakabadhi za korosho, kuongea kwa video na mtoto aliyeko Dodoma. Chagua mbili au tatu. Cha inchi 8 kinashikika kwa mkono mmoja na kinaingia kwenye mkoba. Cha inchi 10 kinafaa mezani na ndicho kizuri kwa PDF za vitabu, kwa sababu ukurasa mzima unaonekana bila kuuvuta kwa vidole. Kwa mwalimu au mwanafunzi ningesema inchi 10 bila kusita. Kwa mtu wa kuzunguka mashambani, 8.

Hatua ya pili: soma namba kwanza, sura baadaye

Ukikabidhiwa kishikwambi, usianze na kioo. Fungua Mipangilio, shuka mpaka chini kabisa kwenye sehemu inayoeleza habari za kifaa, utafute toleo la Android. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia umebakiza miaka mingapi.

Android 4 ni ya kuacha palepale. WhatsApp iliacha kufanya kazi humo mwanzoni mwa 2025, na Google nao wameshaondoa huduma zao. Android 5, 6 na 7.0 zina tatizo ambalo muuzaji hatakuambia na pengine hata yeye halijui: hazina ndani yake baadhi ya vyeti vipya vya usalama ambavyo tovuti nyingi zinavitegemea. Matokeo yake unafungua tovuti halali kabisa, kifaa kinakuonya kwamba si salama au kinagoma kufungua, nawe unadhani bando limeisha. Hilo lilirekebishwa kuanzia Android 7.1.1. Na kivinjari cha Chrome, tangu 2025, kinapata matoleo mapya kwenye Android 10 kwenda juu tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Android 10 na kuendelea: nunua kama mengine yako sawa. Android 8 na 9: nunua kwa bei ya chini sana, kwa kazi ya kusomea na kutazama video zilizohifadhiwa, usikitarajie zaidi. Chini ya 7.1.1: mwachie muuzaji.

Ukishaona toleo, tazama RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na nafasi ya kuhifadhi. RAM ya GB 2 inajikokota, GB 3 inaishi, GB 4 utasahau kwamba ni mtumba. Nafasi ya GB 16 ukiondoa mfumo wenyewe hubaki kidogo mno. Tafuta GB 32 au zaidi, na kiwe na tundu la memori kadi.

Kuna vishikwambi vipya na vya mtumba vinavyodanganya namba hizi. Kwenye boksi imeandikwa Android ya juu na RAM kubwa, ndani ni kitu kingine. Njia mbili za kuwabana: fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti, ingia kwenye mipangilio yake hadi sehemu inayosema kama kifaa kimethibitishwa. Kisipothibitishwa, shaka ianze hapo. Halafu pakua programu ndogo ya bure inayoitwa CPU-Z, itakuonyesha prosesa na kumbukumbu. Namba zake zisipolingana na za boksi, aga uondoke.

Mengine mawili ya haraka. Vile vya Amazon vinavyoitwa Fire ni imara na vinauzwa rahisi, lakini vinakuja bila Play Store. Kama huna mtu wa kukusaidia, viache. Na iPad za zamani zina mwisho wake: iPad Air ya kwanza, mini 2 na mini 3 ziliishia iOS 12, nazo Air 2 na mini 4 ziliishia iPadOS 15. Ni nzuri kwa macho, lakini kila mwaka programu zinazozikubali zinapungua.

Hatua ya tatu: ukaguzi dukani

Hapa usiwe na haraka. Nenda mchana, nenda na simu yenye bando ili uwashe hotspoti, nenda na chaja yako na laini yako.

Anza na asili yake. Kama kina tundu la laini, tafuta IMEI, namba ya pekee ya kila kifaa cha laini: bonyeza *#06# au itazame kwenye Mipangilio. Tuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, ile namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, iliyozoeleka tangu simu bandia zilipozimwa Juni 2016. Jibu likitaja aina tofauti na unayoishika, hicho si chenyewe. Cha wai-fai tupu hakina IMEI, kina namba ya utambulisho tu. Hiyo nayo iandikwe kwenye risiti. Dai risiti yenye jina la duka, aina ya kifaa na namba yake. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na karatasi hiyo ndiyo kinga yako polisi wakikuuliza.

Jambo jingine la uzito huo huo: baada ya sensa, Serikali iligawa vile vishikwambi kwa walimu na watumishi wa elimu. Ni mali ya umma. Ukiletewa chenye alama za Serikali, au kinachowaka na jina la taasisi kwenye kioo, usikiguse hata kama bei inatia tamaa.

Baada ya hapo dai kianzishwe upya. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Kaka, kabla sijatoa hela naomba tukifute chote, kianze upya hapahapa."

"Mbona kimeshafutwa, dada?"

"Sawa, ila nataka nione kinavyowaka mpaka mwisho."

Muuzaji mkweli hana cha kukataa. Aondoe akaunti yake kwenye Mipangilio, kisha akirudishe kama kilivyotoka kiwandani, nawe uendelee nacho ukiwa umeunganisha hotspoti yako, hatua kwa hatua, mpaka ufike kwenye uso wa programu. Kikiomba barua pepe au nenosiri la mwenye nacho wa zamani, kimefungwa. Kinga hiyo ipo kwenye Android tangu 5.1, na kwenye iPad tangu 2013. iPad ikionyesha kwamba inasimamiwa na shule au kampuni, nayo imefungwa. Usikubali kauli ya "fundi wangu atalitoa hilo kufuli". Kufuli linalotolewa kwa ujanja linaweza kurudi siku utakapokifuta tena.

Sasa kioo. Bonyeza alama ya programu yoyote uishikilie mpaka inase kwenye kidole, kisha itembeze taratibu kioo kizima, mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, ukipita kona zote nne na pembezoni kabisa. Ikidondoka njiani, rudia. Ikidondoka palepale kila mara, tachi imekufa hapo. Watu wengi wanagusa katikati tu wakaridhika. Sehemu inayokufa kwanza ni ya pembeni, palipowahi kupata kishindo. Fungua pia picha nyeupe tupu uongeze mwanga hadi mwisho: madoa ya manjano au kivuli cheusi kinachotawanyika ni kioo cha ndani kilichobanwa.

Betri ina vipimo viwili. Cha kwanza ni cha macho. Kilaze chali juu ya meza bapa, ukisukume pembeni kwa kidole. Kikizunguka wakati kamera haijachomoza, mgongo umevimba. Halafu kiinue usawa wa macho utazame ukingo wa kioo pande zote: kama kuna upenyo unaopitisha ukucha, betri inakisukuma kioo kutoka ndani. Hicho hakina mjadala wa bei, ni hatari ya moto. Kipimo cha pili ni cha muda. Weka mwanga wote, chezesha video, kaa nusu saa huku ukikagua mengine. Kikishuka zaidi ya asilimia 10, betri imechoka na bei ishuke. Kikitoka asilimia 40 kwenda 25 kwa mruko mmoja, kiache.

Mwisho chomeka chaja yako na utikise waya kidogo. Alama ya chaji ikiwaka na kuzimika, tundu limelegea. Mulika tochi ndani ya tundu: kijani au weupe unaoganda kama chumvi ni kutu ya maji. Jaribu spika, maiki kwa kujirekodi, kamera zote mbili, wai-fai ukiwa umesogea hatua kadhaa kutoka kwenye simu yako, na laini kama ina tundu. Ukiweza kuchagua kati ya viwili vinavyolingana, chukua chenye tundu la chaja la Type-C. Waya wake unapatikana kila duka na tundu lenyewe linavumilia kuchomekwa na kuchomolewa.

Hatua ya nne: jioni ya kwanza nyumbani

Weka akaunti ya Google yenye nenosiri ambalo hulitumii kwingine, na uliandike mahali pa usalama. Weka namba ya siri ya kufungulia kioo. Washa huduma ya kukitafuta kikipotea. Kisha kiache kipakue masasisho yote kwenye wai-fai nzuri, kwa rafiki au kazini, kabla hujaanza kujaza vitu vyako.

Futa usichokihitaji, na kisichofutika kizime. Usiweke zile programu zinazojisifu kusafisha kumbukumbu na kuongeza kasi. Zenyewe zinakula kumbukumbu na kujaza matangazo. Badala ya Facebook kamili weka Lite. Tovuti unazozitembelea mara mojamoja zifungue kwenye kivinjari, usipakue programu ya kila kitu.

Kuna jambo moja linalosaidia sana kifaa kizito. Kwenye habari za kifaa, gusa nambari ya muundo mara 7 mfululizo. Mipangilio ya wasanidi itafunguka. Ndani yake tafuta sehemu tatu zinazohusu uhuishaji, ziweke 0.5x au uzizime. Kurasa zitaanza kufunguka bila zile mbwembwe za kuingia na kutoka, na kifaa cha zamani kitapumua. Mengine yaliyomo humo usiyaguse.

Kwa WhatsApp, kiunganishe kishikwambi na simu yako, usihamishe akaunti. Sakinisha kwenye kishikwambi, chagua kukiunganisha kama kifaa cha pili, halafu kwenye simu fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uskani alama inayotokea. Simu moja inaruhusu vifaa 4. Ujumbe utaingia hata simu ikizima, ila usiiache simu zaidi ya siku 14 bila kuifungua, vinginevyo kishikwambi kitatolewa nje.

Hatua ya tano: bando

Hapa ndipo watu wanaposema kishikwambi "kinakula bando". Kinakula kweli, kwa sababu kikiona wai-fai kinaamini intaneti ni ya bure, kumbe ni hotspoti ya simu yako. Nenda kwenye wai-fai, gusa jina la hotspoti yako, uiweke kama mtandao unaopimwa matumizi. Zima masasisho ya kujiendesha ya Play Store. Zima kuhifadhi picha mtandaoni. WhatsApp ikatazwe kupakua video na picha zenyewe kwenye mitandao yote, siyo data pekee. Facebook nayo ikatazwe kuchezesha video zenyewe. Washa Kiokoa Data.

Video za masomo zishushe ubora hadi 360p au 240p. Kwa mwalimu anayeandika ubaoni zinatosha. Na kama kishikwambi kina tundu la laini, laini hiyo isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta laini ya mtu ndani, mrudishie muuzaji. Mara mojamoja piga *106# kwenye simu yako uone namba zote zilizosajiliwa kwa jina lako.

Hatua ya sita: kijaze kabla mtandao haujakatika

Mei 2024 ilitufundisha. Kimbunga Hidaya na mvua zake kiliikata barabara ya Dar eneo la Somanga, Kilwa, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za intaneti za baharini zilikatika, mtandao ukayumba nchi nzima. Aliyekuwa na vitabu ndani ya kifaa aliendelea na kazi.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Jisajili uone vya darasa lako. Kwa maarifa ya jumla sakinisha Kiwix, kisha pakua Wikipedia ya Kiswahili kama faili moja. Ukishaipata huhitaji bando tena, unatafuta neno na kusoma hata ukiwa Liwale vijijini. Kiwix ina pia mkusanyiko wa mambo ya tiba, unaomfaa mwanafunzi wa uuguzi anayesoma Kiingereza. Kwa ramani, Organic Maps: pakua ya Tanzania mara moja. Kwa video na sauti, VLC, inayokubali karibu kila aina ya faili na haikizidishii mzigo kifaa cha zamani.

Vitabu na video ziweke kwenye memori kadi, programu zibaki kwenye kifaa. Kadi za bei ya kutupa zenye GB nyingi ajabu mara nyingi ni feki: zinapokea mafaili, halafu ukiyafungua hayapo. Ukinunua kadi, ijaze karibu yote siku hiyo hiyo, ufungue mafaili ya mwisho kuingia. Yakifunguka, kadi ni ya kweli.

Mafaili yape majina ya kueleweka tangu mwanzo: somo, darasa, mwaka. Faili linaloitwa "document (14)" halipatikani mbele ya wanafunzi 60.

Kwa wakulima wetu, kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya karatasi. Ukipeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, stakabadhi ile ni pesa mpaka siku malipo yatakapoingia. Ipige picha siku hiyo hiyo. Iweke mezani karibu na dirisha, mwanga utoke pembeni, kivuli chako kisiiangukie. Tumia kiskani kilichomo ndani ya Google Drive, ambacho kinanyoosha kona na kung'arisha maandishi yaliyofifia. Ipe jina lenye tarehe na kilo. Akiuliza mtu baadaye kilo zilikuwa ngapi, unamfungulia.

Hatua ya saba: pesa na siri

Miamala ibaki kwenye simu. Kishikwambi cha Android 8 hakipati tena viraka vya usalama, na mara nyingi kinashikwa na familia nzima. Programu za benki usiziweke humo, na nenosiri la barua pepe yako kuu lisihifadhiwe kwenye kivinjari chake. Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu mtumiaji wa pili: mtengenezee mtoto wa kwake, asifike kwenye WhatsApp yako wala kwenye picha za stakabadhi. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukiingia, usiujibu. Uutume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Hatua ya nane: umeme, joto, chumvi na salfa

Mwongozo wa nje hauwezi kukuambia haya, kwa sababu hauijui pwani ya kusini wala mashamba yetu.

Tuanze na chaji. Kishikwambi kinataka chaja ya ampea 2. Chaja ndogo ya simu ya batani itakichaji usiku kucha na asubuhi kiko asilimia 60, na ukikitumia huku kinachajiwa, kinaweza hata kushuka. Betri iliyochoka ukiizungusha kati ya asilimia 20 na 80 inadumu zaidi. Inayoumia ni ile inayokaa imejaa kwenye joto, au inayoachwa sifuri wiki nzima. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi usichomeke palepale, ngoja dakika kadhaa utulie. Kama unatumia sola, chaji kupitia betri ya sola au pawabenki, siyo moja kwa moja kutoka kwenye paneli, maana wingu likipita umeme unapanda na kushuka. Na pawabenki ya mAh 10,000 haikupi 10,000: inayobaki baada ya kupotea njiani ni kama 6,000 na kidogo, yaani chaji moja ya kishikwambi.

Joto: zaidi ya nyuzi 35 betri inazeeka haraka. Dashibodi ya gari mchana, kiti cha bodaboda juani, juu ya bati la banda, vyote ni sumu kwake. Kikipata moto, kivue kava, kizime, kiweke kivulini. Usikiingize kwenye friji. Unyevu utaganda ndani.

Chumvi: anayeishi Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko anajua misumari inavyooza. Hewa hiyo hiyo inaingia kwenye tundu la chaja. Weka kava yenye kifuniko au kizibo cha mpira cha tundu. Kila baada ya muda kizime, chukua kijiti cha meno cha mti na brashi laini kavu, utoe uchafu taratibu bila kulazimisha. Pini na sindano ni marufuku. Kikilowa maji ya mvua, kizime, usikichaji, kikaushe kwa upepo wa feni. Mchele hausaidii, vumbi lake linaongeza uchafu. Kikilowa maji ya bahari, siku hiyo hiyo kipeleke kwa fundi akifungue akisafishe. Maji yatakauka, chumvi itabaki ikila shaba.

Salfa ndiyo isiyosemwa. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, kuanzia Juni hivi, ile salfa ya unga iko hewani Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa, hadi viunga vya Naliendele. Salfa inageuza shaba na fedha kuwa nyeusi, na ndani ya tundu la chaja na soketi ya laini kuna shaba. Kwa hiyo msimu huo kishikwambi kisiende shambani. Mtu aliyetoka kupulizia asikishike kabla hajaoga na kubadili nguo; unga unaonekana kwenye mishono ya kola na kucha, na kidole kimoja kinatosha kuufikisha kwenye tundu. Nyumbani kikae ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, ndani ya droo, mdomo wa mfuko ukiwa umefungwa. Kama ni lazima kiende kwa ajili ya picha za shamba, kitumie kikiwa ndani ya mfuko huo. Kioo kinaguswa vizuri tu kupitia plastiki nyembamba, na spika inasikika.

Hatua ya tisa: fundi

Kwa tundu la chaja, betri na kioo, fundi wa mjini anatosha. Mwambie namba kamili ya modeli iliyo nyuma ya kifaa, siyo jina la kampuni pekee. Kampuni moja ina modeli kadhaa zinazofanana sura na hazishirikiani kioo. Muulize kama tachi na kioo cha ndani vimegandana. Visipogandana, unabadilisha tachi peke yake kwa bei nafuu. Vikigandana unanunua vyote, na mara nyingi bei inakaribia ya kishikwambi kingine. Spea nyingi zinatoka Kariakoo kwa parseli ya basi, kwa hiyo elewaneni kabla: nani anabeba gharama ikija isiyo yake. Toa laini na memori kadi kabla ya kumwachia. Kama kinawaka, nakili pia mambo yako kwanza.

Kikifika mwisho

Android ikishapitwa kabisa, ondoa akaunti zote na ukiache bila intaneti. Kitabaki maktaba ya Kiwix, vitabu na VLC kwa miaka, kwa mtoto au kwa darasa. Ukikiuza, ondoa akaunti ya Google kwanza, kisha kifute, toa kadi, mwandikie mnunuzi karatasi yenye IMEI na tarehe, nawe ubaki na nakala.

Betri ikivimba, acha kukichaji wakati huo huo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa. Kizime, kiweke kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu nje ya nyumba, mbali na watoto na makuti, kisha kipeleke kwa fundi atoe betri.